Mtandao Wetu ni wa Nani? Uhakiki wa Istilahi na Ahadi za Mitandao ya Intaneti Isiyo na Kitovu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuinadi mitandao ya intaneti isiyotumia waya ambayo hujengwa na kumilikiwa na watumiaji wenyewe. Hoja yake ni kwamba vipengele vitatu vya Kiswahili vinavyobeba mjadala huu, yaani kiambishi cha nafsi tu-, istilahi ugatuzi na kirai mtandao wa jamii, vinafunika maswali ambayo watunga sera wanapaswa kuyauliza mapema: nani mwenye vifaa, nani ameshika lango la kutokea nje, na nani anabaki na gharama siku mradi unapofungwa. Mifano imechotwa Uganda, Kenya, mashariki ya Kongo, Afrika Kusini na Katalunya.

1. Ahadi yenyewe

Mwaka 1985 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani aliruhusu baadhi ya masafa ya redio yatumike bila leseni. Miaka kumi na miwili baadaye, 1997, kilitolewa kiwango cha kwanza cha teknolojia ambayo leo kila mtu anaiita Wi-Fi. Mambo hayo mawili yalizaa jambo ambalo hakuna kampuni ya simu iliyolipanga: watu wa kawaida waliweza kununua redio ndogo, kuifunga juu ya paa, kuielekeza kwenye paa la jirani, na kusafirisha data kwa kilomita kadhaa bila kumwomba mtu ruhusa ya kuchimba mtaro wala kusimamisha mnara. Paa la kwanza likiona la pili, na la pili likiona la tatu, unapatikana wavu. Fundo moja likikatika, data hutafuta njia nyingine.

Kutokana na ufundi huo imejengeka ahadi yenye sura tatu. Ya kwanza ni ya gharama: kijiji ambacho kampuni haikioni kama soko kinaweza kujihudumia. Ya pili ni ya umiliki: mtumiaji anakuwa mwenye mali, anaacha kuwa mnunuzi wa bando. Ya tatu ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa zaidi, hasa katika nchi zetu: kwamba mtandao usio na kitovu hauwezi kuzimwa. Sura ya kwanza ina ushahidi wa kutosha. Ya pili inategemea mambo yaliyoandikwa katika mikataba ambayo wanavijiji wengi hawajawahi kuisoma. Ya tatu, kwa namna inavyosemwa, si kweli, na nitaeleza kwa nini katika sehemu ya 3.

Ninaandika kama mtafiti wa lugha. Wahandisi wameshaandika mengi kuhusu antena, na wachumi kuhusu bei. Kilichopuuzwa ni kwamba mitandao hii, kabla haijawa ya redio, ni ya maneno: andiko la kuombea fedha, barua kwa mdhibiti, hotuba ya uzinduzi, makubaliano na mwenye paa. Maneno hayo yakiwa na ukungu, ukungu huohuo unaingia katika umiliki.

2. Tunapanda, sisi na nani?

Tazama majina. Kibera, jijini Nairobi, kuna TunapandaNET, mtandao uliotokana na taasisi ya mafunzo iitwayo Tunapanda na unaounganisha shule na vituo vya vijana. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, ulianzishwa Pamoja Net. Katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, eneo la Mankosi, kuna Zenzeleni, uliochipuka mwaka 2012 kwa ushirikiano wa wenyeji na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape. Yote matatu ni majina ya wingi, na kila jina ni dai kuhusu nani anatenda.

Zenzeleni ndilo jina lenye uwazi kuliko mengine. Kwa Kixhosa ni kitenzi cha amri: kuna kiambishi cha kujirejelea zi-, kuna mnyambuliko wa kutendea, na mwishoni kuna -ni ya wingi, ileile tuliyo nayo katika njoni na kaeni. Kwa Kiswahili tungesema jifanyieni. Amri ina msemaji na ina wanaoambiwa, na msemaji hayumo miongoni mwao. Jina hili, kwa sarufi yake tu, linakiri kwamba kuna aliyesimama nje akiwahimiza wenye mji wafanye, na kwamba kazi ikishafanyika ni yao.

Tunapanda ni jambo jingine. Kiambishi tu- katika kauli ya taarifa hakituambii kama msikilizaji amehesabiwa. Zipo lugha nyingi duniani zenye viwakilishi viwili tofauti, kimoja cha "sisi pamoja na wewe" na kingine cha "sisi bila wewe", Kiswahili hakina. Katika himizo tunaweza kujikwamua kidogo, kwa kuwa twendeni humwonyesha wazi anayealikwa. Katika taarifa hatuna msaada huo. (Kitenzi chenyewe, panda, nacho kinamwacha msomaji achague kati ya mbegu na ngazi, lakini huo ni utata wa kupendeza na hauna madhara.)

Sisemi kwamba waliochagua jina hilo walikusudia kuficha jambo. Kwa taasisi ya vijana ni jina zuri. Tatizo huanza pale tu- hiyohiyo inapohamia katika ripoti. Sentensi ya aina ya "tumejenga mtandao wetu" inapoandikwa katika taarifa ya mradi, inaweza kuwa kauli ya asasi, ya mfadhili, ya kamati ya kijiji, au ya wote kwa mpigo. Mfadhili husoma "wetu" akaelewa "wa wanakijiji". Mwanakijiji husikia "wetu" akaelewa "wa hao waliokuja na gari". Miaka mitatu baadaye redio inapigwa na radi, na kila upande unasubiri upande mwingine ununue nyingine. Vijiji vyetu vinalifahamu jambo hili kutokana na pampu za maji za mkono zilizokaa zimekufa wakati vibao vya ufunguzi bado vimesimama.

3. Ugatuzi na lango

Istilahi inayopendwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili kuhusu mitandao hii ni ugatuzi. Naiona haifai, na sababu zangu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Katika eneo letu ugatuzi ni neno la dola. Nchini Kenya limefungamana na Katiba ya 2010 na kaunti 47. Nchini Uganda wazo hilo linatukumbusha Katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997. Kugatua ni kutoa madaraka yaliyokuwa kitovuni na kuyapeleka pembezoni, na aliyetoa ndiye anayeendelea kuamua ametoa kiasi gani. Tanzania ina mfano mkali zaidi. Mwaka 1972 ilitangazwa sera ya Madaraka Mikoani, na katika utekelezaji wake serikali za mitaa zilizochaguliwa zilifutwa, mikoa na wilaya zikawekwa chini ya watumishi wa serikali kuu. Halmashauri zilirudi katika miaka ya 1980. Neno lilisema madaraka yanashuka, mkono wa kitovu ukarefuka hadi kijijini. Mtandao uliojengwa na majirani haukugatuliwa na yeyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa nao akaugawa. Kuuita wa ugatuzi ni kumpa kitovu sifa ya mtoaji, na kesho kumpa pia haki ya kupokonya.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Mwaka 1964 Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND aliyekuwa akitafuta namna mawasiliano yatakavyosalimika katika vita vya nyuklia, alichora michoro mitatu ambayo wanafunzi wa mawasiliano wanaijua hadi leo. Wa kwanza una kitovu kimoja kinachounganisha wote. Wa pili una vitovu kadhaa, kila kimoja na watu wake. Wa tatu ni kama wavu wa mvuvi, hauna kitovu kabisa. Neno ugatuzi, likifaa popote, linafaa katika mchoro wa pili. Lakini ahadi ya "hauwezi kuzimwa" imechotwa kutoka mchoro wa tatu. Hapo ndipo msomaji anapouziwa wavu akakabidhiwa nyota. Napendekeza tuseme mtandao wa kitovu kimoja, mtandao wa vitovu vingi, na mtandao usio na kitovu. Ni maneno marefu kuliko ugatuzi, ila kila moja linaweza kuchorwa ubaoni.

Sasa tuitazame mitandao yenyewe. Karibu yote, hata ile ambayo ndani yake ni wavu halisi, ina mlango mmoja au miwili ya kutokea nje: waya au redio inayoiunganisha na mtoa huduma mwenye leseni, na kupitia kwake mkongo wa taifa, na kupitia huo mikongo ya baharini. Mwezi Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa Uganda wa tarehe 14, watoa huduma waliamriwa kuzima intaneti, na ilirejea baada ya takriban siku tano. Mtandao wowote uliokuwa ukipokea huduma kupitia kwao ulizimika nao kwa upande wa nje, uwe na mapaa kumi au elfu kumi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, nchi kadhaa za eneo letu ziliyumba kwa siku kadhaa bila amri ya mtu yeyote. Katika hali zote mbili swali lilikuwa moja: je, ndani ya wavu kuna kitu cha kutumia lango likifungwa?

Swali hili halipewi uzito unaostahili. Mtandao wenye seva yake kijijini, iliyohifadhi vitabu vya shule, ujumbe wa zahanati na simu za ndani, unabaki na uhai nje kunapokuwa giza. Mtandao ambao kazi yake yote ni kusambaza huduma iliyonunuliwa mjini unabaki redio zinazosalimiana. BOSCO Uganda, iliyoanza mwaka 2007 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ilianza kwa kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa redio za masafa marefu na kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Kambi kuongea na kambi kulikuwa na thamani yake yenyewe, pembeni ya thamani ya kuufikia ulimwengu. Naona fikra hiyo imefifia tangu intaneti ya simu ilipoenea, na inastahili kufufuliwa.

Kuna mipaka mingine ya kifizikia ambayo hotuba za uzinduzi huiruka. Redio moja inayopokea na kupeleka kwa masafa yaleyale hupoteza takriban nusu ya kasi katika kila ruko, hivyo nyumba ya nne au ya tano hupata makombo. Mti wa mwembe ukikua katikati ya antena mbili, kiungo kinadhoofika. Betri za sola huzeeka, na bei yake haimo katika bajeti ya mwaka wa kwanza. Huko Mankosi wenyeji waligundua kwamba umeme wa jua uliofungwa kwa ajili ya redio ungeweza pia kuchaji simu, na kuchaji huko kukawa chanzo cha mapato cha ushirika. Mara nyingi biashara inayoubeba mtandao si mtandao.

Nitaje kwa kifupi mambo mawili yanayovaa vazi la kutokuwa na kitovu. Moja ni mitandao inayowalipa wenye vifaa kwa sarafu za kidijitali, kama Helium, ambayo kufikia 2022 ilikuwa na vituo karibu milioni moja duniani. Vituo vilitapakaa kweli, ila vingi vilifungwa kwa kutarajia bei ya sarafu kuliko kwa kuhitajika na majirani, na bei iliposhuka hamasa ikashuka nayo. Jingine ni intaneti ya setilaiti, mathalani Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023. Kila paa lina sahani yake, hakuna waya, hakuna mnara, na kwa macho ya mpita njia ni kama wavu. Mbingu yote ni ya kampuni moja.

4. Wa jamii au wa kijamii?

Herufi mbili tu zinatenganisha mtandao wa jamii na mtandao wa kijamii. Cha kwanza ndicho kirai kinachotumika kwa mtandao unaomilikiwa na wakazi. Cha pili, hasa kwa wingi, ni Facebook, WhatsApp na jamaa zao. Kisarufi tofauti inaeleweka: wa jamii ni umilikaji, wa kijamii ni sifa. Katika mazungumzo, katika vichwa vya habari, na katika mikutano ambapo Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu ya waliohudhuria, tofauti hiyo haisikiki. Mtandao lenyewe, nomino iliyotokana na kitenzi tanda, linabeba intaneti, huduma ya simu, kundi la watu wanaosaidiana, na wavu wa redio. Anayesema "mtandao umekata" hajakwambia kimekatika nini.

Mtu anaweza kudhani hili ni jambo la wanasarufi peke yao. Angalia hata hivyo mazingira ya kisheria ambamo kirai hiki kinaingia. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii, tozo iliyodumu hadi 2021 ilipopisha kodi ya asilimia 12 kwenye data. Mwaka huohuo wa 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka hata wenye blogu wawe na leseni. Katika maofisi yetu neno hili tayari lina harufu ya uchochezi, umbea na kodi iliyokwepwa. Mwenye ombi la leseni ya mtandao wa jamii anaingia mlangoni akiwa amebeba mzigo ambao si wake, na dakika za kwanza za mkutano zinapotea katika kueleza kile ambacho mradi si.

Kenya imekwenda mbele kuliko majirani wake. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa mfumo wa leseni na wa kushirikiana masafa ulioandaliwa mahsusi kwa mitandao ya aina hii, badala ya kuisukuma katika leseni za kampuni kubwa. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mfumo uliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wale inaowalenga, yaani kamati za mitaa na vikundi vya vijana, hufanya mikutano yao na kuandika kumbukumbu zao kwa Kiswahili au lugha za nyumbani. Tafsiri itakapofanyika, istilahi itakayochaguliwa itakaa katika sheria kwa muda mrefu. Huu ndio wakati wa kuichagua.

Pendekezo langu ni mtandao wa ushirika. Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba ushirika una kumbukumbu chungu, na ni kweli: Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na wakulima wengi wa kahawa na pamba katika eneo hili wanakumbuka malipo yaliyochelewa. Itasemwa pia kwamba si kila mtandao wa wakazi ni chama cha ushirika kisheria, na kwamba katika Kiswahili cha Kivu neno linalosikika zaidi ni koperative. Yote nayakubali. Ninachokitaka katika neno ushirika ni kile ambacho jamii halina. Jamii haina daftari la wanachama. Haina mkaguzi wa hesabu, haiitishi mkutano mkuu, na haiwezi kushtakiwa. Ushirika una hayo yote hata unapoendeshwa vibaya. Kwa kweli tunajua kwamba umeendeshwa vibaya kwa sababu una vitabu vinavyoweza kufunguliwa. Zenzeleni wenyewe walijiandikisha kama ushirika, na kwa sura hiyo wakaomba na kupata msamaha wa leseni kwa mdhibiti wa nchi yao.

5. Mkataba unaosomeka

Mfano uliofika mbali zaidi duniani haumo Afrika. Guifi.net, ulioanza mwaka 2004 katika mashamba ya wilaya ya Osona, Katalunya, ambako kampuni za simu hazikuona faida, umefikisha vituo zaidi ya 30,000. Wageni wanaoutembelea huvutiwa na antena. Kilichoushikilia, kwa maoni yangu, ni maandishi. Kila anayeongeza kiungo anakubali mkataba mmoja wa wazi: ana uhuru wa kuutumia mtandao, kujua unavyofanya kazi, kutoa huduma juu yake na kuupanua, ilimradi asimzuie mwingine kufanya vivyo hivyo. Wafanyabiashara wanaoutumia kuuza huduma hufanya hesabu ya kufidiana, ili aliyewekeza kidogo na kutumia sana amlipe aliyewekeza sana. Wanazuoni wanaofuata njia ya Elinor Ostrom, aliyechunguza namna watu wanavyotunza mali za pamoja kama misitu na mifereji, wanautaja mara kwa mara, na hawakukosea.

Hatuna mkataba wa namna hiyo kwa Kiswahili. Tuna vitabu vya mafunzo vilivyofasiriwa, vyenye maelezo ya namna ya kufunga antena, na mara nyingi fundi wa mtaani huviweka kando na kusema ruta, siyo kipanga njia, na kazi ikaenda. Fundi hanihangaishi, lugha ya ufundi hujitafutia njia. Mkataba haujitafutii. Mwenye paa anayeruhusu antena ifungwe juu ya nyumba yake anahitaji kujua, kwa sentensi isiyo na tu- inayoelea, redio ni mali ya nani, umeme unalipwa na nani, akihama au akifariki paa lina hadhi gani, na mfadhili akiondoka vifaa vinahesabiwa kwa jina la nani.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina wajibu wa kukuza Kiswahili katika nchi zote wanachama, na wadhibiti wa mawasiliano wa nchi hizo tayari wana chombo chao cha kukutana. Kazi ninayoiomba ni ndogo kwa kulinganisha na makamusi tunayoyapanga kila mkutano: kurasa nne za mkataba wa mfano, uliojaribiwa kwa kusomwa kwa sauti mbele ya kamati ya kijiji mmoja Kasese na mmoja Kivu kabla ya wanasheria kuugusa. Kifungu cha kwanza cha kujaribiwa kiwe kile cha vifaa baada ya mradi. Msomaji akimaliza kukisoma, wanakamati waulizwe mmoja mmoja redio iliyo juu ya paa la shule ni ya nani, na kifungu kiandikwe upya hadi majibu yao yafanane.